Njia Tuliyoibeba Mgongoni

Mjukuu wangu alikuja nyumbani Naro Moru mwezi wa Novemba, akaweka simu yake mezani kando ya kikombe changu cha chai, akasema, "Guka, Januari nataka kupanda Nelion. Nionyeshe njia." Kwenye kioo cha simu palikuwa na mstari mwekundu uliopindapinda kutoka lango la hifadhi ya Mlima Kenya hadi chini ya mwamba wa kilele hicho. Mtu fulani aliutembea, akauacha hapo kwa yeyote atakayeuhitaji. Niliutazama muda mrefu. Miaka mingi nilibeba mizigo na kuongoza wageni katika bonde la Teleki, na sikuwahi kuacha hata alama moja ambayo mtoto wangu angeweza kuifuata.

Wengi wa rika langu wameshazikwa. Tuliobaki, magoti yetu yanalalamika hata kwenye ngazi za baraza. Kabla sijawafuata wenzangu nataka kusema tulichokuwa nacho, tulipokosea, na kile ambacho vijana wanaopanda leo wana haki ya kutudai.

Tulizaliwa miaka ya Hali ya Hatari, msitu wa Mlima Kenya ulipokuwa uwanja wa vita. Baba zetu waliujua msitu ule gizani, bila ramani wala tochi, kwa sababu kuujua ndiko kulikowapa uhai. Uhuru ulipofika, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera mpya mlimani. Sisi tulikuwa wavulana. Asubuhi ile tulisimama nje tukikodolea macho vilele, tukidhani tutaiona ikipepea. Hatukuiona. Miaka michache baadaye tulipanda wenyewe, na kilichotupandisha ni ujira wa siku na mzigo wa mgeni mgongoni.

Hakuna aliyetufundisha darasani. Tulijifunza kwa kutembea nyuma ya mtu aliyetutangulia na kuweka mguu alipoweka wake. Tulijua kwamba kinamasi kilicho juu ya kituo cha hali ya hewa, kile kinachopanda mlima kana kwamba maji yamesahau desturi ya kuteremka, hupitika vizuri alfajiri kabla jua halijakilainisha. Tulijua mahali nyati hupenda kusimama kwenye mianzi. Tulijua kwamba wingu hupanda kutoka mabondeni kabla ya adhuhuri, na kwamba alasiri mlimani ni ya mvua ya mawe na radi. Tulijua kutofautisha kikohozi cha mtu aliyechoka na kikohozi cha mtu ambaye mapafu yake yanajaa maji. Wa kwanza hupewa uji akalala. Wa pili huteremshwa usiku huohuo, haingojwi asubuhi.

Hayo yote yalikuwa vichwani mwetu na miguuni mwetu. Hayakuwa kwenye karatasi. Karatasi zilikuwa za wengine.

Fikirieni mwaka 1899. Vitabu vyote vinasema kwamba Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, mita 5,199, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa milima ya Italia. Ni kweli, na kazi yao ilikuwa kubwa. Kwenye barafu iliyo chini ya pengo la vilele viwili Ollier alichonga ngazi moja moja kwa shoka, na barafu ilikuwa ngumu mno hata wakaiita Diamond, yaani almasi. Lakini safari ile ilitoka Nairobi na Waswahili 66 na Wakikuyu 96, ikapita nchi isiyo na barabara, ikakumbwa na njaa, na mizigo ilifika chini ya barafu kwa migongo ya watu hao. Majina matatu yako kwenye kilele. Ya wale wengine sijayaona yakiandikwa popote.

Kizazi changu kilirithi mpango huo bila kuuhoji. Njia ya kufikia mwamba ilikuwa yetu, na njia ya juu ya mwamba ilikuwa ya wageni. Tulikaa kambini tukiwatazama wakiwa vidoa vyekundu na vya buluu ukutani, tukawapikia chai ya kuwapokea. Wachache tu kati yetu walishika kamba. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge alipanda na Phil Snyder mfereji wa barafu wa Diamond, ukuta ambao baadaye wapandaji walitoka mbali duniani kuja kuujaribu. Habari ile ilipotufikia tulitembea vifua mbele kwa mwezi mzima. Lakini hatukumwomba atukalishe chini atueleze alivyouchagua ukuta ule, na msimu ule, na saa ile ya kuanza. Tulifurahia jina, tukaacha elimu ipite.

Sasa niseme kosa linaloniuma.

Mwanzoni mwa kazi yangu, mwezi wa Februari, walikuja wageni wawili waliotaka kupanda Batian kwa upande wa kaskazini. Walikuwa wamesoma habari za njia ile wakaipenda. Mzee aliyekuwa mkuu wa wapagazi wetu aliutazama ukuta kwa mbali, akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, kwamba jua halijafika upande ule. Mimi ndiye niliyejua Kiingereza kidogo. Wajibu wa kutafsiri ulikuwa wangu, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mzigo ni wetu na uamuzi ni wao. Walirudi siku ya pili usiku, mmoja vidole vyake vimekufa ganzi na kugeuka rangi, na tukawateremsha kimyakimya. Hakuna aliyetulaumu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba tulikuwa na la kusema. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu alisema, na guu lililovunjika lilikuwa la mtu ambaye hakufikishiwa neno.

Mzee yule alikuwa sahihi, na sababu yake si uchawi. Mlima wetu umekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo hauna kiangazi kimoja. Una viwili, na kila kimoja kina upande wake. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko kaskazini, ukuta wa kaskazini unapata joto, theluji inatoka nyufani na mwamba unakauka. Upande wa kusini wakati huo ni baridi na barafu. Ikifika mwisho wa Desemba mambo yanageuka: hadi mapema Machi jua liko kusini, kuta za kusini na kusini-mashariki zinakauka, na kaskazini kunaganda. Katikati ya viangazi hivyo kuna mvua za masika na za vuli, ambapo mwenye busara hukaa nyumbani akarekebisha viatu.

Ukishalijua hilo, historia ya mlima inasomeka upya. Eric Shipton na Wyn Harris walikuwa wa kwanza kufika Nelion, mita 5,188, kwa uso wa kusini-mashariki, na mwezi ulikuwa Januari 1929. Arthur Firmin na mwenzake Hicks walifungua njia ya uso wa kaskazini mwaka 1944, na mwezi ulikuwa Julai. Kati ya safari hizo mbili kuna Waitaliano watatu waliotoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki mwaka 1943: Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakuwa na ramani. Miongoni mwa vitu vichache vilivyowaonyesha umbo la mlima ilikuwa picha kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Vifaa vyao walivitengeneza kwa mabaki ya kambini. Waliingia kwa upande waliouona kila siku kutoka nyuma ya seng'enge, upande wa kaskazini-magharibi, na ulikuwa mwisho wa Januari. Barsotti aliugua akabaki kambini. Wenzake wawili walipokabili Batian walikutana na theluji na dhoruba, wakarudi nyuma, kisha wakafika Point Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao na kurudi kujisalimisha kwa waliowafunga. Ninawaheshimu sana watu wale. Lakini kila ninapokumbuka habari yao huwa nawaza: chini ya mlima, karibu na seng'enge ileile, walikuwako wazee ambao wangeweza kuwaambia kwa sentensi moja kwamba jua halijafika upande ule. Vita na seng'enge viliwatenganisha. Sisi na wageni wetu hatukuwa na seng'enge.

Nirudi sasa mezani kwa mjukuu wangu. Nilimwomba azime simu kwa muda, nikamletea bakuli la mahindi. Tuliyapanga punje kwa punje: huku kaskazini, huku kusini, hapa vilele, hapa vibanda.

"Januari umechagua vyema," nilimwambia. "Nelion kwa kusini-mashariki, ile njia ya Shipton. Mwamba utakuwa mkavu na jua la asubuhi litakufikia mapema. Ungekuja Julai ningekupeleka uso wa kaskazini."

"Na kuingia? Naro Moru ndiyo fupi, na wewe uko hapa."

Hapo nilimshangaza. Nilimwambia asiingie kwa njia ya nyumbani. Naro Moru ni fupi kweli: siku mbili tu na umelala mita 4,200. Ufupi huo ndio hatari yake. Miguu ya kijana hufika kabla damu yake haijazoea hewa nyembamba, na mtu anayeanza kupanda mwamba akiwa na kichwa kinachogonga huamua vibaya kila kitu, hata namna ya kufunga fundo. Nilimwambia apande kwa njia ya Sirimon, ambako mteremko ni wa pole na ardhi ni kavu, alale kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300, alale kambi ya Shipton siku mbili badala ya moja, kisha avuke kupitia Lenana hadi kibanda cha Austria kwenye mita 4,790. Kwa mtembezi huo ni mzunguko. Kwa mpandaji ni dawa. Aliyelala chini ya ukuta akiwa mzima ameshapanda nusu yake.

Tulipofika kwenye saa, nilianza mwishoni. Hivyo ndivyo sisi tulivyopanga safari, ingawa hatukuliita jambo hilo kupanga. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza haliombi radhi. Kushuka Nelion kwa kamba, kituo baada ya kituo, kunataka saa nne au tano kwa watu wasioijua njia, na kamba hunasa. Kwa hiyo, saa saba mchana ikikukuta hujafika kileleni, unageuka, hata kama kilele unakiona, hata kama mwenzako analia. Kutoka hapo turudi nyuma: uanze mwamba kukipambazuka, saa kumi na mbili. Uondoke kibandani saa kumi na nusu alfajiri. Ule saa tisa na nusu. Ulale jua likiwa bado linaonekana.

Aliuliza kuhusu Batian. Nilimwambia kwamba kati ya Nelion na Batian kuna Lango la Ukungu, na kuliteremkia ni rahisi kuliko kulipanda wakati wa kurudi. Anayetaka vilele vyote viwili aende na mpango wa kulala juu. Juu ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati ambacho Ian Howell alikijenga mwaka 1970. Vipande vilishushwa na helikopta kwenye barafu chini, naye akavipandisha kileleni mwenyewe, safari kumi na tatu, peke yake. Kibanda hicho kimeokoa watu ambao hawajui hata jina lake. Lakini kibanda ni cha dharura. Mtu asikiweke kwenye hesabu yake kana kwamba ni nyumba ya wageni.

Nilimweleza pia habari ya 1970, kwa sababu kila anayeuchagua mwamba huo lazima aijue. Mwezi wa Septemba daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu vibaya. Mwenzake, Oswald Oelz, alihangaika naye. Wanachama wa klabu ya milima ya Kenya walipanda, na timu ikaja kwa ndege kutoka Innsbruck. Zilipita siku nyingi kabla ya kumfikisha chini, akapona, lakini rubani aliyekuja kusaidia alikufa helikopta yake ilipoanguka. Kibanda cha Austria ni shukrani iliyotokana na uokoaji ule. Mtu akilala mle ajue analala ndani ya deni. Kuchagua njia si jambo lako peke yako. Unapochagua njia unachagua pia watu watakaolazimika kukufuata.

Mpaka hapo nilijiona mwalimu. Kisha nikasema, "Ukitoka kibandani utavuka barafu ya Lewis, pana kama shamba, mpaka mguu wa mwamba." Mjukuu wangu alinyamaza kidogo, akaiwasha simu, akanipa. "Guka, tazama. Ni ya mwaka huu."

Sikupatambua. Mahali nilipowavusha watu wakiwa wamefungwa kamba moja palikuwa na mawe ya kijivu, mteremko uliolegea, na bakio la barafu lililochafuka kama shuka kuukuu. Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimeona nikiwa chini, mwaka hadi mwaka, weupe ukipungua kwenye vilele. Lakini kusikia ni kitu kimoja, na kujua kwamba sentensi uliyoisema kwa uhakika sasa hivi ingeweza kumpotosha mjukuu wako ni kitu kingine. Huu mlima ulikuwa na mito ya barafu 18 mwanzoni mwa karne iliyopita. Mingi imekwisha. Na mfereji wa Diamond, njia iliyoandikwa kwa jina la mmoja wetu, Thumbi, miezi mingi sasa ni mwamba mtupu unaodondosha mawe. Tulikuwa na njia chache sana zenye majina yetu, na hiyo ndiyo iliyoyeyuka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimekuja mezani na lawama mbili za wazee: kwamba vijana wanatazama simu badala ya mlima, na kwamba hawaulizi. Zote mbili zilianguka. Aliuliza. Na simu yake ilikuwa imeutazama mlima baadaye kuliko mimi. Kilichokosekana kwenye ule mstari mwekundu ni sababu: kwa nini aliyeutembea alipita pale, mwezi gani, saa ngapi, na ni nini kilichomfanya ageuke au asigeuke. Kilichokosekana kwangu ni tarehe. Mimi nina sababu zisizo na tarehe, yeye ana tarehe zisizo na sababu.

Ndugu zangu wa rika langu, mlio hai Naro Moru, Chogoria, Nanyuki na Timau, nawaomba jambo moja. Msiwaambie watoto njia peke yake, maana njia inabadilika. Waambieni mlivyokuwa mkiuliza. Jua liko upande gani mwezi huu? Maji ya mwisho yako wapi? Mwili wangu umelala mara ngapi juu ya mita 4,000? Nitashuka vipi, na kwa saa ngapi? Nani atajua nisiporudi? Hata barafu ya mwamba ikiyeyuka, maswali hayo bado yatasimama. Nanyi vijana, mtu aliyebeba mzigo wenu akiutazama ukuta na kusema neno kwa sauti ya chini, simameni mtafute wa kutafsiri.

Kesho yake nilinunua daftari dukani. Nikaandika kwa Kiswahili, ili na watoto wa upande wa Meru na wa Embu waweze kusoma, kila nilichokumbuka kutoka langoni hadi mguu wa mwamba. Kurasa za kulia niliziacha wazi. Mjukuu wangu alilitia kwenye mkoba, ndani ya mfuko wa nailoni, akaondoka na mwenzake wiki ya pili ya Januari.

Alirudi baada ya siku tisa, pua imebambuka kwa jua. Hawakufika kileleni. Saa saba iliwakuta kwenye nyufa za juu, urefu wa kamba chache chini ya Nelion, wingu limeshawafunika, wakageuka. Aliniambia bila aibu, nami nilishukuru bila kuonyesha machozi. Kisha akanirudishia daftari. Pale nilipoandika habari ya kuvuka barafu alikuwa amepiga mstari mmoja ulionyooka, taratibu, ili maneno yangu bado yasomeke. Kwenye ukurasa wa kulia aliandika kwa kalamu ya risasi: "Januari. Hakuna barafu hapa tena. Mawe yanateleza. Piteni kabla jua halijayagusa, mmoja mmoja, kofia ngumu kichwani. Guka alisema kweli kuhusu jua."